Maktaba ya udongo ilivyonikosanisha na mjomba

Wiki hii unisamehe, sina ya mapenzi wala ya mavazi. Mwenzako nina kesi ya nyumbani kwetu, na kesi yenyewe inahusu maktaba. Usifunue ukurasa wa michezo kwanza! Najua neno maktaba linawapa wengi usingizi. Lakini kesi hii ina udongo, ina kamba za katani, ina mtungi wa bibi, na ina mjomba ambaye kwa wiki tatu nzima hakupokea simu yangu. Kaa kitako nikuhadithie.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mwalimu mstaafu. Anaishi Handeni. Siku alipoweka chaki chini alirudi nyumbani na masanduku sita ya vitabu: hadithi, sayansi, kamusi, hata vile ambavyo majalada yake yalishakwenda zamani. Kila jioni watoto wa mtaani wanajaa barazani kwake kuazima. Wanasoma, wanagombana, wanarudisha vikiwa na alama za vidole vya maembe. Mwaka juzi mzee akatangaza kwamba anajenga chumba cha kusomea. Ukoo mzima tukachangishwa, na mimi nikapewa na nyongeza.

"Wewe mjomba si uko Dar, tena unaandika magazetini? Hebu nitafutie ramani ya kisasa. Sitaki kibanda. Nataka maktaba."

Nikaitikia haraka haraka. Mtoto wa mjini nishindwe na ramani?

Nikaanza kuzungukia maktaba za Dar kama mpima viwanja. Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere siku ya Uhuru, Desemba 9, 1967, nilishaipita mara elfu nikikimbilia daladala. Safari hii nikaingia, nikakaa, nikatazama juu. Halafu nikapanda Mlimani kuiona maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa na Rais Magufuli Novemba 2018. Bwana, lile ni jengo! Lina nafasi ya vitabu 800,000, na watu zaidi ya 2,000 wanakaa kusoma kwa wakati mmoja bila kugusana viwiko. Nikatoka pale kichwa kimevimba. Nikamfuata mchora ramani, nikamwambia nataka kitu cha namna hiyo, ila kidogo, kiende Handeni.

Jamaa hakunivunja moyo. Akanichorea ukuta mzima wa mbele vioo, madirisha ya alumini, dari ya jipsamu yenye taa za kujificha na paa lisiloonekana kwa chini. Poa kabisa. Halafu akaandika pembeni: viyoyozi viwili.

"Na tukikosa hivyo viyoyozi?" nikauliza.

Akacheka. "Kaka, Handeni na hilo jua, vioo bila kiyoyozi hapo unaoka mikate. Watoto watasoma alfajiri tu."

Hapo ndipo nilipokumbuka joto.

Mimi nimekulia Korogwe. Baba alikuwa kwenye korona ya mkonge, nje kidogo ya mji, na sisi tulikaa kota za wafanyakazi: chumba, ukumbi, bati juu, dari hakuna. Ikifika saa nane mchana bati lile lilikuwa linalia lenyewe, ta! ta! ta!, kama mtu anapiga kucha. Kitabu kinalowa jasho mkononi. Mitihani ya kidato cha nne nilijisomea usiku kituo cha mabasi, chini ya taa, katikati ya makonda na wauza matunda. Mpaka leo nikisikia kondakta anaita abiria wa Arusha, nakumbuka kanuni za fizikia.

Likizo nilipelekwa Handeni kwa bibi mzaa mama. Nyumba ya bibi ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa kwa nyasi, ina baraza pana mbele. Ukiingia mchana unadhani umefunguliwa mlango wa friji. Kwenye kona palikuwa na mtungi wa maji, juu yake kata. Maji ya ule mtungi yalikuwa baridi kuliko soda ya dukani. Hakuna mahali nimewahi kusoma vizuri kama kwenye baraza ile.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kuliandika. Nikiwa kidato cha pili, timu ya mpira ya shuleni kwetu ilikwenda Handeni kucheza. Ilikuwa wakati wa likizo, na mimi nilikuwa kwa bibi. Wenzangu wakapita mtaani kwetu wakiwa juu ya lori, wakaniona njiani, wakaniuliza kwenu ni wapi. Nikawaonyesha nyumba ya jirani, ile ya matofali na bati. Bibi alikuwa amekaa barazani kwake, hatua kama kumi hivi. Alisikia. Hakusema neno. Jioni akanichotea maji mtungini kama siku zote, akanipa kwa mikono miwili. Nikanywa. Bibi alifariki mwaka niliomaliza kidato cha nne, na sikuwahi kumwomba radhi.

Basi, turudi kwenye ramani. Mtaani kwetu Dar kuna binti anasomea usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi. Nikamwonyesha ramani yangu ya vioo nikitegemea sifa. Akaiangalia kwa heshima, akauliza swali moja tu: "Kaka, saa nane mchana humu ndani patakuwaje?" Sikuwa na jibu. Akatoa simu, akaanza kunionyesha picha.

Akaanza na za Ulaya. Helsinki, mji mkuu wa Finland, walifungua maktaba yao inayoitwa Oodi Desemba 2018, mkabala na Bunge. Mle ndani mbali na vitabu kuna vyerehani, kuna jiko, kuna studio za muziki. Mtu anaingia maktaba anashona suruali yake! Nikasema huo ni utajiri, sisi tutauweza wapi? Akasema subiri, akafungua picha nyingine.

Ilikuwa maktaba ndogo ya rangi ya udongo, iliyopo Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, ng'ambo tu ya mpaka ukitokea Ngara. Wasanifu wa Kibelgiji waitwao BC Architects waliijenga mwaka 2012, wakishirikiana na mafundi wa hapo hapo, kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, hayakuchomwa. Vigae vya paa ni vya udongo wa huko huko. Mbele kuna baraza refu, kama nyumba za Warundi zilivyo. Paa limeinuliwa juu sana, na ukutani wameacha matundu madogo madogo, hewa ya moto ipande itoke, ya baridi iingie. Umeme wa kupoza hauhitajiki.

"Sasa angalia hapa wanapokaa watoto," binti akasema.

Juu, chini ya paa, palikuwa na wavu mkubwa umetandazwa kama machela ya pwani. Watoto wamelala mle na vitabu vyao. Nikauliza umesukwa kwa nini. Akasema kamba za katani.

Msomaji wangu, nilinyamaza. Katani! Baba yangu ametumia ujana wake wote katika mkonge. Mmea wenyewe uliletwa hapa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa karibu na Pangani. Kwa miche hiyo Tanganyika ikaja kuongoza dunia, na mwaka 1964 ilizalisha tani zaidi ya 200,000. Kisha kamba za nailoni zikajaa duniani, bei ikaanguka, na korona nyingi zikanyamaza. Sisi watoto wa kota tuliiona katani kama adhabu ya wazazi wetu. Kumbe kuna mtoto Burundi anaisomea hadithi.

Binti hakuniacha nipumue. Akanitajia Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Kijijini kwao shule haikuwepo, akapelekwa mbali kusoma kwenye darasa la joto na giza. Baadaye akasomea usanifu Berlin, Ujerumani, na mwaka 2001 akarudi kwao kujenga shule ya msingi ya udongo. Wanakijiji walimshangaa: mtoto katoka Ulaya, anatuletea udongo? Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Alipobuni maktaba ya shule ile, aliwaambia akina mama wa kijiji walete vyungu. Vikakatwa juu na chini vikabaki kama pete, vikapangwa kwenye dari. Mwanga unaingia kupitia vyungu, na joto linatokea humo humo.

Vyungu! Unajua nilimkumbuka nani.

Wiki ile ile nikapanda basi. Nilianzia Korogwe kwa baba, maana wavu nilitaka niuone kwa macho kabla sijaunadi kwa mjomba. Baba sasa ni mzee, mikono yake bado ina makovu ya miiba ya mkonge. Nikamwonyesha picha ya Muyinga. Akaivuta simu karibu na uso, akaangalia muda mrefu.

"Miaka yote ile tumeifunga marobota ikaenda Ulaya," akasema. "Mimi sijawahi hata siku moja kuilalia." Halafu akanyanyuka kwenda kumtafuta mwenzake wa zamani ambaye bado anasokota kamba.

Nikashika barabara ya Handeni nikiwa mshindi tayari. Sikujua ninakokwenda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Ramani iko wapi?"

Nikamweleza yote mbele ya mama, shangazi na wajukuu. Nikataja Burundi, nikataja Burkina Faso, nikataja tuzo. Mjomba alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi aliyenakili. Nilipomaliza, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Moja, mchwa. Handeni hii unaijua. Unataka niwapikie mchwa vitabu kwenye sahani ya udongo? Mbili, mvua. Hapa mvua ni adimu, lakini ikija inakuja na hasira. Tatu, wewe mwenyewe umetoka kuniambia Mlimani wamejenga kwa vioo na zege. Watoto wa Mlimani wapewe vioo, wa kwangu wapewe kichuguu?"

Nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"Nne. Siku ile ulipowaonyesha wenzako nyumba ya jirani, nyumba ya mama yangu ukaificha, ulidhani sikuambiwa? Ulikuwa unauonea haya udongo. Leo wazungu wameupiga picha, unakuja kuniuzia."

Baraza zima kimya. Mama aliangalia chini. Mimi nilitafuta pa kuweka uso, sikupaona. Kesho yake asubuhi nikaondoka na basi la kwanza. Ndipo zikaanza zile wiki tatu za simu kuita bila kupokelewa.

Nikwambie kweli, lililoniuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa na haki karibu kwa kila kitu. Nilimrudia binti wa Ardhi na vile vidole vinne. Cha mchwa na cha mvua akavichukua yeye. Akanieleza kwamba udongo mtupu una matatizo yake kweli, ndiyo maana siku hizi unachanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwenye mashine ya mkono, yanatoka matofali ya kufungamana ambayo hayahitaji mahandaki ya moto wala kuni. Hapa kwetu Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, umekuwa ukiyahimiza kwa miaka mingi. Msingi unakuwa wa mawe na zege, unainuliwa juu ya ardhi, unapigwa dawa ya mchwa. Paa linatokeza nje sana ili mvua isiguse ukuta. Vitabu vinakaa kwenye rafu zisizogusana na ukuta.

Cha tatu, cha heshima ya watoto, tukakubaliana kwamba hakina jibu la maneno. Jibu ni jengo lenyewe likiwa zuri.

Cha nne kilikuwa changu peke yangu. Nikamwandikia mjomba barua ya mkono, kurasa mbili, nikaituma na dereva wa basi. Sikutaja matofali. Niliandika kuhusu lori la mpira, kuhusu bibi pale barazani, na kuhusu yale maji ya jioni. Nikaomba radhi, kwa bibi kupitia kwake.

Siku ya nne simu ikaita. "Mjomba," sauti ikasema, "njoo na hiyo mashine."

Tukaikodi. Usidhani ilikuwa lelemama. Matofali ya kwanza yalipasuka karibu yote, tulikosea vipimo na tukayaacha juani. Fundi akatufundisha kuchekecha udongo, kupunguza maji, kuyafunika na kuyanyunyizia kila siku mpaka yakomae. Vijana wa mtaani waliokuja kutucheka ndio waliobaki kuvuta mpini wa mashine. Kwenye paa tukaiga wazo la soko la Kariakoo, lile la Beda Amuli lililokamilika miaka ya 1970, ambalo mapaa yake kama miavuli iliyogeuzwa yalikinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi chini ya ardhi. Letu ni mfereji wa bati na tangi la plastiki tu, lakini Handeni, mji ambao maji yake yamekuwa yakivutwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, ndoo moja ya mvua ni mali. Bati tumeliinua juu ya dari, kati yake hewa inapita, kwa hiyo lile ta! ta! ta! halimfikii anayesoma.

Vyungu tuliviagiza kwa akina mama wafinyanzi. Walipoambiwa tunavikata matako walitucheka mpaka wakafuta machozi. Vipo tisa, tumevijengea ukutani juu ya lenta, viwe matundu ya hewa na mwanga. Asubuhi vinachora duara tisa za jua sakafuni, na watoto wadogo wanagombea kukaa ndani yake. Wavu wa katani alikuja kuufunga baba mwenyewe na mwenzake, kutoka Korogwe. Siku ya kwanza waliurukia vijana watano kwa pamoja, ukakatika. Baba akaufunga upya bila kulalamika, akaandika kwa chaki pembeni: WATATU TU.

Maktaba haijakamilika. Umeme bado, rafu mbili hazina rangi, na tunadaiwa misumari. Na mjomba, mbishi yule, ukuta wa mbele kaupiga lipu ya saruji na rangi ya bluu. Nilipomuuliza akasema, "Mbele ni sura yangu, ndani ni sura yako." Nikacheka, nikaacha. Heshima ya mtu haipimwi kwa ramani ya mwingine.

Mara ya mwisho nilikwenda mwezi uliopita, nikafika saa nane mchana makusudi. Nje jua linachoma mpaka mbuzi wamejificha. Ndani niliwakuta watoto kumi na saba, na msichana mmoja wa kidato cha nne yuko kwenye kona na fizikia yake, shati kavu kabisa. Hakuinua hata kichwa kuniangalia. Sijawahi kufurahi kiasi kile kwa kutosalimiwa.

Nikatoka barazani. Pembeni ya mlango mjomba ameweka mtungi wa mama yake, ambao kumbe miaka yote aliutunza. Huo haukukatwa. Una maji ya wasomaji na kata juu yake. Mjomba akachota, akanipa kwa mikono miwili.

Nawe msomaji unayejenga, au unayeota kujenga, chora vioo vyako ukipenda, fedha ni zako. Ila kabla hujamlipa fundi, muulize lile swali la binti wa Ardhi: saa nane mchana humu ndani patakuwaje? Na kama kwenu kuna nyumba uliwahi kuificha kwa wenzako, na mwenyewe bado yu hai, nenda wiki hii hii. Mimi nilichelewa.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.